Ruta mpya inadai akaunti, namba ya simu na mahali nilipo: nichague kwa kuangalia nini?

MamaZuhura

Natanguliza salamu kwenu nyote. Ruta tuliyoitumia nyumbani kwa miaka mingi imefika mwisho. Inajizima mara mbili tatu kwa siku, na nilipotafuta masasisho yake nilikuta mtengenezaji aliacha kuyatoa zamani. Nikanunua seti ya vifaa vitatu vinavyopokezana mawimbi, ile inayoitwa meshi, kwa sababu chumba cha nyuma hakipati mtandao wa kutosha.

Jambo lililonileta hapa lilitokea nilipofungua boksi. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro minne tu, na haikutaja popote anwani ya ukurasa wa mipangilio kama ilivyokuwa kwa ruta ya zamani; ilichonitaka ni kupakua programu kwenye simu. Programu hiyo ikadai barua pepe, ikadai namba ya simu ili initumie msimbo, ikadai ruhusa ya kujua mahali nilipo, ikadai ruhusa ya Bluetooth, na mwisho ikanifungulia masharti marefu ambayo kitufe chake cha kukubali kilikuwa kinang'aa na cha kukataa sikukiona. Wakati huo sikuwa nimechomeka hata kifaa kimoja kwenye umeme. Nikaishia hapo, nikarudisha vyote kwenye boksi.

Nyumba yetu ina watu sita. Mume wangu hufanyia kazi za ofisi nyumbani, mama yangu huzungumza na daktari wake kwa njia ya video, na watoto wawili wakubwa wako katika umri ambao mtu huuliza kwenye intaneti mambo asiyothubutu kumwuliza mzazi. Yote hayo yanapita kwenye kile kisanduku. Ninaambiwa kwamba siku hizi karibu tovuti zote husimbwa, kwa hiyo ruta haisomi kitu. Je, ni kweli? Na kama si kweli kabisa, mtu anayenunua ruta kwa nia ya kulinda faragha ya watu wake aangalie nini kabla ya kulipa? Mambo ya kasi na umbali wa mawimbi nayaelewa kiasi, lakini hili la faragha sikulikuta limeandikwa kwenye boksi lolote.

FundiWaya

Mama Zuhura, ulifanya vyema kusita, kwa sababu akaunti ikishafunguliwa na kifaa kikishasajiliwa, kurudi nyuma ni kazi kubwa kuliko kutokuanza.

Nianze na kile ambacho ruta inakiona. Ni kweli kwamba tovuti inayotumia HTTPS, ndio usimbaji huo ulioambiwa, huficha maudhui: ruta haisomi alichoandika mama yako kwa daktari, wala haioni picha wala nywila. Lakini kabla ya ukurasa kufunguka, kompyuta huuliza anwani ya jina la tovuti kupitia DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na kwa kawaida swali hilo hupelekwa kwa ruta yenyewe bila kufichwa. Hata swali hilo likifichwa, jina la tovuti bado kwa sehemu kubwa hutajwa waziwazi mwanzoni mwa mawasiliano. Kwa hiyo ruta inajua kwamba kompyuta fulani ilifungua tovuti ya kliniki ya magonjwa fulani, saa ngapi, ilikaa huko kwa muda gani, na ilipokea data kiasi gani. Mara nyingi jina la kliniki peke yake linatosha. Hakuna haja ya kusoma ukurasa.

Kuna kingine ambacho watu hukisahau. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta yoyote uitazame kwa makini. Utakuta simu zimejitambulisha kwa majina ya wenyewe, televisheni imeandika chapa na modeli yake, na mbele ya kila kifaa kuna saa kilipoingia na saa kilipotoka. Simu ya baba inatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa moja jioni. Simu ya mgeni inaonekana kila Ijumaa. Wiki moja vifaa vyote vinatoweka, na hapo mtu anajua nyumba ilikuwa tupu. Huo ni mwenendo wa familia nzima, na umeandikwa bila tovuti hata moja kufunguliwa. Kwa hiyo swali zito ni hili: orodha hiyo inabaki ndani ya kifaa chako, au inapelekwa kwenye seva za mtengenezaji?

Hapo ndipo ruta zinapotofautiana. Zipo ambazo mipangilio yake yote imo ndani ya kifaa na hufunguliwa kwa kivinjari. Zipo ambazo hufunguliwa kwa kivinjari lakini hukushawishi kila mara ufungue akaunti, na ukikataa bado zinafanya kazi. Na zipo ambazo bila akaunti hazianzi. Nest Wifi inahitaji akaunti ya Google. Eero nayo inahitaji akaunti, na tangu 2019 kampuni hiyo ni mali ya Amazon. Sisemi kwamba makampuni haya yanaiba. Wakati wa mauzo yale eero ilitangaza hadharani kwamba haifuatilii shughuli za wateja kwenye intaneti na kwamba msimamo huo hautabadilika. Ninachosema ni kwamba mtu aliyenunua kifaa chake 2018 alikabidhi taarifa zake kwa kampuni ndogo ya vifaa vya mtandao, na mwaka uliofuata akajikuta mteja wa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa kabisa duniani, bila yeye kuulizwa. Usipokuwa na akaunti, hakuna cha kuhamishwa siku kampuni inapouzwa.

Kuhusu ruhusa ya mahali ulipo, niwatendee haki kidogo. Kwa miaka kadhaa mfumo wa Android wenyewe ulizilazimisha programu zinazotafuta mitandao ya Wi-Fi kuomba ruhusa ya mahali, hadi Android 13 ilipoleta ruhusa ya pekee kwa kazi hiyo 2022. Kwa hiyo ombi lenyewe si ushahidi wa ubaya. Hata hivyo, ukishamaliza kuunganisha, ifute ruhusa hiyo. Kama programu inagoma kufanya kazi bila kujua ulipo, basi umejifunza jambo kuihusu.

Kabla ya kulipa, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, upakue kitabu kamili cha maelekezo, si ile karatasi ya michoro minne, na utafute sehemu inayoeleza jinsi ya kuingia kwenye mipangilio kwa kivinjari. Kama sehemu hiyo haimo, iache. Baada ya kununua, fanya jaribio hili siku ya kwanza, ukiwa bado unaruhusiwa kurudisha bidhaa: usichomeke waya wa intaneti kabisa. Iwashe ruta, iunganishe na kompyuta kwa waya wa mtandao, kisha uandike kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye lebo ya chini, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa ukifunguka na kukuruhusu kuweka nywila, kubadilisha jina la mtandao na kuchagua DNS, kifaa hicho ni chako. Ukikuambia uunganishe intaneti kwanza ili uingie kwenye akaunti, kirudishe.

Jambo la mwisho kwa leo, na kwangu ndilo zito zaidi, ni masasisho. Faragha haipo kwenye ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilivamia vifaa vingi mno kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Mwaka 2018 kikosi cha usalama cha Cisco kiitwacho Talos kilieleza kuhusu VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, na ile haikuishia kuvitumia vifaa hivyo kushambulia wengine. Ilikuwa na uwezo wa kuchungulia data inayopita ndani yake. Kwa hiyo tafuta tarehe ya mwisho wa masasisho. Sheria iliyoanza kutumika Uingereza tarehe 29 Aprili 2024 inawalazimu watengenezaji kutangaza muda wa chini watakaotoa masasisho ya usalama, kwa hiyo hata kama hununulii huko, fungua ukurasa wa kampuni ulioandikwa kwa ajili ya wateja wa Uingereza, na tarehe ya modeli yako mara nyingi utaikuta hapo.

ShangaziRehema

Mwanangu Mama Zuhura, mdogo wangu FundiWaya amezungumzia makampuni, nami sina la kupunguza. Ninaomba tu tuwaangalie pia walio ndani ya nyumba.

Programu hizi za simu humpa mwenye akaunti uwezo wa kuona kila kifaa cha nyumbani, na baadhi humwonyesha hata majina ya tovuti zilizofunguliwa na kila mmoja. Akaunti huwa ni ya mtu mmoja. Nina ndugu wa karibu ambaye kwa miaka miwili mumewe aliisoma orodha hiyo kila usiku, akiwa hata nje ya mji, na siku mke huyo alipofungua tovuti ya shirika linalowasaidia wanawake wanaopigwa, mumewe alimpigia simu kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Yeye alidhani kufuta historia kwenye kivinjari kunatosha, na hakuna aliyemweleza kwamba ruta inaweka historia yake yenyewe.

Kwa hiyo unapochagua, uliza kama kumbukumbu za tovuti zinaweza kuzimwa kabisa, na kama usimamizi wa kifaa unaweza kushikwa na mtu zaidi ya mmoja. Na kwa hao watoto wako wakubwa, nakusihi uwaambie mapema unachokiona na usichokiona. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba mama alikuwa anasoma, hatarudi kwako na swali la pili.

MamaZuhura

Shangazi, maneno yako yamenigusa, na nakiri kwamba sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo; nilijiona mimi ni mlinzi tu, wala si mtu anayeweza kuogopwa. FundiWaya, ahsante sana. Seti ile nitairudisha. Nina swali dogo: mtoa huduma wetu ametupa kifaa chake cha bure ambacho ni modemu na ruta kwa pamoja. Kwa nini nisikitumie hicho tu, kwa kuwa yeye tayari anapitisha mawasiliano yetu yote?

FundiWaya

Kwa sababu kinachopita nje ya nyumba na kilichomo ndani ya nyumba ni vitu viwili. Mtoa huduma anaona data inapoelekea baada ya kutoka kwako, na hilo huwezi kulizuia kwa kubadilisha ruta. Lakini kifaa chake kinapokuwa ndiyo ruta yenu, anaweza pia kuona upande wa ndani: majina ya simu zenu, televisheni, kamera, mashine ya kuchapisha, na mara nyingi hata nywila ya Wi-Fi. Anafanya hivyo kupitia utaratibu wa usimamizi wa mbali uitwao TR-069, uliotolewa 2004, ambao unamwezesha kubadilisha mipangilio na kuweka programu mpya bila wewe kugusa kitu. Utaratibu huo una faida zake, hasa kwa mtu asiyejua kusasisha mwenyewe, nami sitambeza anayeuchagua. Lakini mlango aliouacha mtoa huduma unaweza kugongwa na wengine pia. Mwezi Novemba 2016 washambuliaji walioujaribu mlango wa namba 7547, unaotumiwa na utaratibu huo, waliwaacha wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom bila huduma.

Njia ya kawaida ni kuacha kifaa cha mtoa huduma kifanye kazi ya modemu tu, yaani kuileta intaneti ndani ya nyumba, kwa kukiweka katika hali ya daraja, kisha ruta yako ikae nyuma yake na kufanya mengine yote. Kama mtoa huduma haruhusu hali ya daraja, zima Wi-Fi ya kifaa chake na uunganishe ruta yako kwa waya. Vifaa vyenu vyote vikiwa nyuma ya ruta yako, yeye ataona kifaa kimoja tu.

Kuhusu DNS, chagua ruta inayoweza kuituma ikiwa imesimbwa, ama kwa DNS juu ya TLS, kiwango cha 2016, ama kwa DNS juu ya HTTPS, kiwango cha 2018. Elewa tu kwamba hapo hujaondoa shahidi, umembadilisha: maswali ambayo mtoa huduma alikuwa anayasoma sasa yatasomwa na yule unayempelekea. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako yote kwenye seva zake kwanza, nayo ni vivyo hivyo. Mchague mtu ambaye sera yake umeisoma.

Na unapofika kwenye mipangilio, tumia WPA3, kiwango cha ulinzi wa Wi-Fi kilichotangazwa 2018, au WPA2 kwa vifaa vya zamani. Zima kuunganisha kwa namba ya WPS, ile namba fupi inayotumika badala ya nywila ya Wi-Fi, kwani tangu Desemba 2011 inajulikana kwamba namba ile ya tarakimu nane hukaguliwa nusu nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Na zima usimamizi wa kutoka nje. Hayo ni ya dakika kumi, sitayarefusha.

Mkesha

Naomba niongeze nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu hata ruta isiyodai akaunti inaweza kuwa na mazungumzo yake.

Mwaka jana niliweka kompyuta ndogo ya zamani iwe seva ya DNS ya nyumba, nikaielekeza ruta na vifaa vyote viulize kwake, ili nijue nani anauliza nini. Usiku mmoja nilizima simu zote, nikachomoa televisheni, nikakaa mbele ya skrini. Ilikuwa yapata saa nane na nusu. Nyumba ilikuwa imelala na hapakuwa na mtu anayetumia mtandao, lakini mistari iliendelea kushuka, na iliyokuwa inauliza ni ruta yenyewe. Kila baada ya dakika tano iliuliza jina lile lile. Nililifuatilia jina hilo nikakuta si la mtengenezaji, bali ni la kampuni nyingine kabisa inayokusanya takwimu za matumizi kwa niaba yake.

Si kila mstari ni wa kutia shaka. Ruta lazima iulize saa, la sivyo vyeti vya usalama haviwezi kukaguliwa sawasawa. Na lazima iulize kama kuna sasisho jipya, jambo tunalolitaka. Nilipotenganisha hayo mawili, nikabaki na lile la takwimu. Nikarudi kwenye mipangilio, nikapekua ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho nikakuta, chini kabisa ya sehemu ya kusasisha programu, kisanduku kilichotiwa alama tangu kiwandani: mtumiaji anakubali kushiriki katika kuboresha bidhaa. Niliiondoa alama, nikaiwasha ruta upya, na usiku uliofuata mistari ile haikurudi. Lilinikera sana jambo hilo, si kwa sababu data ile ilikuwa nyingi, bali kwa sababu nilikuwa nimeishi na kifaa kile miaka mitatu nikiamini kwamba sikukubali chochote.

Pia kuweni waangalifu na kitu kinachoitwa ulinzi wa familia au kinga dhidi ya virusi ndani ya ruta. Ili kukuambia kwamba tovuti fulani ni ya hatari, ni lazima kwanza mtu aipime, na ruta nyingi hazina uwezo huo ndani yake. Hupeleka anwani unayotaka kufungua kwenye seva za kampuni ya usalama iliyoingia nayo mkataba. Katika ruta yangu, kuwasha kipengele hicho kulifungua ukurasa wa pili wa masharti, tofauti na ule wa mwanzo, wenye jina la kampuni nyingine. Soma ukurasa huo kabla ya kukubali. Huenda ukaamua kwamba kinga hiyo inafaa kwa nyumba yenye watoto, na ni uamuzi halali, mradi uwe umeufanya kwa kujua.

Kama una subira ya kujifunza, ziko ruta zinazokubali OpenWrt, programu huria iliyoanza 2004 kutokana na msimbo ambao Linksys ililazimika kuutoa kwa ajili ya ruta yake ya WRT54G. Haina akaunti, haitumi takwimu, na ruta nyingi zilizoachwa na watengenezaji bado zinapata masasisho kupitia kwake. Angalia tu toleo la kifaa kwenye lebo ya chini, lile la v1, v2 au v3. Watengenezaji hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha jina la nje, na ruta mbili zenye boksi moja huweza kuwa moja inakubali na nyingine haikubali. Kwa asiyetaka kujisumbua, zipo zinazouzwa zikiwa tayari na mfumo wa namna hiyo, kama ruta za Turris za CZ.NIC, shirika la Jamhuri ya Czech, na tangu mwishoni mwa 2024 OpenWrt One.

MchoraRamani

Jambo moja halijatajwa, nalo ni ruta kujulikana mahali ilipo na watu ambao hawajawahi kuunganishwa nayo.

Kila ruta hutangaza hewani jina la mtandao na namba yake ya kipekee, mara kadhaa kwa sekunde. Simu za wapita njia husikia tangazo hilo na kuliripoti pamoja na mahali simu ilipo, na hivyo Google na Apple wana hifadhidata kubwa za ruta za dunia, ambazo husaidia simu kujua ilipo pale ambapo setilaiti hazionekani. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Maryland, Erik Rye na Dave Levin, walionyesha kwamba hifadhidata ya Apple ingeweza kuulizwa na mtu yeyote, na kwamba anayeijua namba ya ruta fulani angeweza kuona imehamia wapi.

Shangazi Rehema, nadhani unaona hili linavyohusiana na ndugu yako. Mtu anayekimbia nyumba yenye mateso akabeba ruta yake ya zamani, amebeba namba ambayo yule anayemkimbia anaijua. Asiibebe.

Kwa wengine, hatua ni ndogo: malizia jina la mtandao kwa herufi _nomap. Google wameliheshimu ombi hilo tangu 2011, na Apple walianza kuliheshimu 2024. Jina lenyewe lisiwe la ukoo wala namba ya nyumba. Wapo wanaoshauri kulificha jina la mtandao. Siwaungi mkono, kwani mtandao ukifichwa, simu zenu ndizo zinazolazimika kuuita kwa jina kila ziendako, zikiutafuta, na kila aliye karibu anasikia. Mmelificha jina nyumbani mkalitangaza njiani.

FundiWaya

MchoraRamani amesema kweli tupu. Nami nilisahau moja: Mama Zuhura, ile ruta ya zamani usiitupe wala usimpe mtu kabla hujaibonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma, kinachofuta mipangilio yote, kwa sekunde kumi au zaidi hadi taa zote zizime na kuwaka upya. Ndani yake bado kuna nywila yenu ya Wi-Fi, na huenda pia jina na nywila mnazotumia kwa mtoa huduma.

MamaZuhura

Nimerudi kutoa taarifa. Seti ile nimeirudisha, na mahali pake nimechukua nyingine ya vifaa viwili ambayo kitabu chake kina sura nzima kuhusu kuingia kwa kivinjari, na tarehe ya mwisho wa masasisho yake niliikuta kwenye ukurasa wa wateja wa Uingereza kama nilivyoelekezwa. Chumba cha nyuma kinapata mtandao.

Nilifanya jaribio la FundiWaya kabla ya kuchomeka waya wa intaneti, na ukurasa ulifunguka. Ilinitaka niweke nywila mpya ya usimamizi kabla ya kuniruhusu kuendelea, kisha ikanipendekezea akaunti, nikaruka, ikakubali. Kisanduku cha Mkesha nilikitafuta kwa zaidi ya robo saa. Hakikuwa kwenye sehemu ya kusasisha, kilikuwa chini ya ukurasa unaoitwa Mfumo, nacho kilikuwa kimetiwa alama. Nimekiondoa. Kifaa cha mtoa huduma sasa ni modemu tu, na jina la mtandao wetu linaishia na _nomap, jambo ambalo limewafanya watoto waniulize maswali mengi.

Kumbukumbu za tovuti nimezizima. Jana jioni niliwaita wote mezani, nikawafungulia orodha ya vifaa kwenye kompyuta, nikawaonyesha kila mmoja mstari wake na saa zake, na nikawaeleza kwamba hiyo ndiyo tu ruta inayoiweka. Binti yangu mkubwa aliuliza kama ile ya zamani ilikuwa inaweka tovuti. Nilimjibu kwamba ilikuwa inaweza, na kwamba sikuwahi kuzitazama. Nywila ya usimamizi imeandikwa na mume wangu kwenye karatasi, karatasi iko kabatini, na mama yangu anajua ilipo.